Reli ya Ngazi: Ichague kwa Mkono, Siyo kwa Macho Tu

Mtu ajengapo nyumba ya ghorofa, hata iwe ghorofa moja tu ya kawaida, hupitisha siku nyingi akiwaza juu ya bati, madirisha, milango na rangi ya kuta. Ngazi huifikiria kwa nadra, na reli ya ngazi huifikiria mwisho kabisa, wakati fedha zimekwisha na mafundi wameanza kukusanya vyombo vyao. Hapo ndipo fundi anapouliza, "Sasa hapa tuweke nini?" na kabla hajajibiwa huonyesha picha ya kazi aliyoifanya kwingineko. Mwenye nyumba huitazama, huipenda na hukubali. Kitu ambacho kila mtu wa nyumba ile atakishika kila siku kwa miaka thelathini kimekwisha kuamuliwa kwa dakika tano.

Mwandishi wa makala haya alifanya hivyo hivyo. Niliona katika hoteli moja reli ya mbao ya mninga, ubao mpana wa kiasi cha sentimita 15, umepigwa vanishi hata unang'aa kama kioo. Nikamwagiza seremala anitengenezee mfano wake, naye akafanya kazi safi. Kila mgeni aliyeingia aliisifu. Kisha mama yangu mzazi akaja mjini kutibiwa macho. Asubuhi moja, akishuka, aliteleza katika kidato cha tatu kutoka chini, akanyoosha mkono kuishika reli. Mkono ulifika, bali vidole havikupata pa kushika. Kiganja kilipita juu ya ubao ule kama kinavyopita juu ya meza. Alivunjika nyonga, na tangu siku hiyo hakutembea tena bila mkongojo. Seremala hakuwa na kosa lolote. Alitengeneza alichoagizwa.

Kwa hiyo, kabla hatujazungumza habari za mitindo, yafaa tuelewane reli ni kitu gani. Mafundi wetu husema "reli" wakiwa na maana ya chombo kizima, lakini ndani yake mna vitu viwili vyenye kazi mbili mbalimbali. Cha kwanza ni kishikio, yaani ule mti au bomba la juu ambalo mkono hulifuata. Cha pili ni uzio ulio chini ya kishikio, yaani vijiti, nondo, vioo au vinguzo ambavyo huzuia mtu asitumbukie pembeni. Kishikio ni cha mtu mzima anayeteleza. Uzio ni wa mtoto. Mtindo wowote upendao utakufaa maadamu haukuharibu mojawapo ya kazi hizo.

Kipimo cha kiganja

Tazama jinsi mkono unavyoshika mpini wa jembe. Vidole huzunguka upande mmoja, dole gumba huzunguka upande wa pili, na vyote hukaribia kukutana. Hivyo ndivyo mkono ushikavyo kwa nguvu. Mpini ukiwa mnene kupita kiasi, vidole hubana kwa ncha tu, na ncha za vidole haziwezi kubeba uzito wa mwili unaoanguka. Kwa sababu hiyo kishikio cha mviringo kinachofaa watu wengi huwa na unene wa baina ya sentimita 3 na 5. Ukipenda ubao mpana kwa ajili ya sura yake, mwambie seremala auchimbe mifereji miwili, mmoja kila upande, ili vidole na dole gumba vipate pa kuingia. Ni kazi ya nusu siku kwa mwenye randa nzuri. Laiti ningalijua.

Hapa mwenye fedha kidogo ana bahati. Bomba la maji lililopakwa zinki, lile liitwalo dukani la inchi moja na robo, kwa nje lina unene wa milimita 42 hivi. Hicho ni kipimo cha mkono hasa, kana kwamba lilitengenezwa kwa kazi hiyo. La inchi moja na nusu hufika milimita 48, nalo bado linafaa, ingawa wenye viganja vidogo watapendelea lile la kwanza.

Kimo nacho kina kanuni yake. Pima kutoka ukingo wa mbele wa kidato, ukipanda wima, na kishikio kiwe baina ya sentimita 90 na mita moja. Mwishoni mwa ngazi huko juu, na kwenye roshani, ambako mtu husimama akiegemea na kuzungumza na jirani, kimo kiongezwe hadi mita moja na sentimita 10, kwa maana huko kuanguka si kwa kidato kimoja bali ni kwa ghorofa nzima. Nyumba yenye watoto wadogo inaweza kuwekewa kishikio cha pili, chembamba, kwenye kimo cha sentimita 60 hivi, upande wa ukutani. Watoto hukipenda, na wageni huuliza ni cha nini.

Jambo jingine ambalo macho hayalioni ni kuendelea kwa kishikio bila kukatika. Anayeshuka usiku umeme ukiwa umekatika huongozwa na kiganja chake. Kikikutana na nguzo inayochomoza juu, au na msumari, au kikifikia mwisho wakati bado vimebaki vidato viwili, mwili hudhani ngazi imekwisha, na mguu hukanyaga hewa. Vyuma vya kukishikilia kishikio vitokee chini yake, visitokee ubavuni, ili mkono uteleze kutoka juu hadi chini pasipo kuachia. Na mwisho wake ukunjwe kuelekea ukutani au chini. Ncha iliyoachwa ikitazama mbele hunasa kanga, buibui, mkoba wa shule na mikono ya shati.

Mtoto haoni uzio, huona kichezeo

Mtindo uliopendwa sana mijini katika miaka hii ni ule wa mabomba au nyaya zinazolala, zikifuatana sambamba na kishikio. Una sura ya kisasa, haukati mwanga, na fundi huumaliza upesi. Kwa nyumba isiyo na watoto sina neno nao. Kwa nyumba ya familia ninaukataa waziwazi, kwa sababu mabomba yale yaliyolala ni ngazi nyingine juu ya ngazi. Mtoto wa miaka miwili hahitaji kufundishwa. Huweka mguu wa kwanza, wa pili, na akifika juu kishikio kimekuwa mbele ya tumbo lake badala ya mbele ya kichwa chake.

Vijiti na visimame wima, basi. Nafasi baina ya kijiti na kijiti isizidi sentimita 10. Watu wengi hudhani hatari ni mtoto kupita mzima mzima, lakini hatari kubwa zaidi ni nafasi inayopitisha mwili na kukizuia kichwa, maana mtoto hutanguliza miguu, kiwiliwili kikafuata, naye akabaki ananing'inia. Kata duara la kadibodi lenye upana wa sentimita 10 ulipeleke kwa fundi. Kama linapita mahali popote, pamoja na ile pembetatu inayobaki kati ya kidato na chuma cha chini, kazi haijakwisha.

Na hapa hesabu huwapotosha mafundi wengi. Desturi ni kuweka vijiti viwili kwa kila kidato. Kama kidato kina upana wa sentimita 25 na vijiti ni vya mbao vyenye unene wa sentimita 4, nafasi inayobaki ni sentimita 8 na nusu, nayo ni salama. Lakini ukitumia nondo za milimita 16 kwa desturi ile ile, nafasi huwa karibu sentimita 11, na duara lako litapita. Nondo nyembamba zinataka tatu kwa kila kidato. Gharama itaongezeka, ni kweli, lakini si kwa kiasi cha kutisha, kwa vile nondo ndiyo sehemu rahisi kuliko zote katika kazi ile.

Mbao, chuma, saruji na kioo

Sasa tuje kwenye mitindo yenyewe, kwani najua ndiyo aliyoifungulia msomaji ukurasa huu.

Mbao ina fadhila moja isiyoshindwa: haichomi wakati wa jua wala haigandishi mkono wakati wa baridi, na kadiri inavyoshikwa ndivyo inavyozidi kuwa nzuri. Mninga ni bora kwa kishikio kwa sababu hausinyai sana unapokauka, hivyo haupindi wala haupasuki ovyo. Mvule nao ni mgumu kwa mchwa, na msaji wa mashamba ya Longuza na Mtibwa umewafaa maseremala wengi. Msonobari wa Sao Hill ni laini. Ukucha huweza kuuchora, na baada ya miaka michache ya mikono na pete utaonekana umezeeka kabla ya nyumba. Kosa kubwa kuliko kuchagua mti mbaya ni kuchagua mti mbichi. Ubao uliokatwa juzi ukafungwa leo utajikunja ukiwa umekwisha fungwa, na viungo vitaachana. Uache ukae chini ya paa penye upepo, umepangwa na vijiti katikati, kabla seremala hajaugusa.

Anayetaka kuona jinsi mbao inavyoweza kuwa pambo la nyumba nzima na aende Mizingani, Unguja, akazitazame roshani za Zahanati ya Kale, jengo la mwishoni mwa karne ya 19 lililoanzishwa kwa fedha za mfanyabiashara Tharia Topan. Nakshi zile zinamfanya mtu asimame barabarani. Lakini roshani ni mahali pa kuegemea na kutazama bahari, ilhali ngazi ni mahali pa kushuka na ndoo mkononi. Nakshi ziwekwe kwenye uzio na kwenye nguzo ya mwanzo, ambayo ndiyo uso wa ngazi; kishikio kibaki laini.

Chuma ndicho kitumiwacho na wengi, na kwa haki, maana ni chembamba na hakili nafasi. Ngazi ya nyumba zetu nyingi ina upana wa sentimita 90 au pungufu. Ukijenga pembeni yake uzio mnene, utajuta siku ya kupandisha kabati au kitanda. Kwa ngazi nyembamba, basi, chuma ni jibu. Lakini chuma kina adui wawili. Wa kwanza ni hewa ya chumvi, ambayo wakazi wa Dar es Salaam, Tanga, Mtwara na visiwani wanaijua. Wa pili hajulikani sana, naye ni maji ya kudekia. Kagua reli yoyote ya chuma iliyooza, utaona kutu imeanzia kwenye kisigino cha nguzo, pale inapoingia sakafuni, ambapo maji husimama kila asubuhi. Mwambie fundi anyanyue kisigino kwa kikombe kidogo cha saruji au cha chuma, ili maji yateleze. Na rangi ya kuzuia kutu ipakwe kwanza, chuma kikiwa kikavu na kimesuguliwa kwa brashi ya waya, ndipo ifuate rangi ya pambo. Rangi ya pambo peke yake ni shati safi juu ya kidonda.

Kama umechagua yale mabomba yenye zinki, jua kwamba uchomeleaji huiunguza zinki pale kwenye kiungo, na hapo ndipo kutu itakapoingia. Kila kiungo kisuguliwe na kupakwa rangi yenye zinki. Na moshi ule mweupe unaotoka ni sumu kwa fundi. Humpa homa na kutetemeka usiku ule. Afanyie kazi nje, penye upepo, na zinki ya pale pa kuchomelea isuguliwe kwanza. Mwenye nyumba anayejali jasho la mfanyakazi mwenzake hatamfungia ndani ya kijumba cha ngazi achomelee siku nzima.

Chuma kisichopata kutu, ambacho mafundi hukiita stenlesi, sasa kimeenea kila mtaa. Tatizo ni kwamba jina ni moja na vyuma ni vingi. Ile iitwayo namba 201 ni rahisi, inang'aa dukani sawasawa na nyingine, na karibu na bahari huanza kutoa madoa ya kahawia mapema. Namba 304 hufaa ndani ya nyumba na katika miji ya bara. Kwa nyumba inayopulizwa na upepo wa bahari, inayostahili ni namba 316, ambayo imetiwa madini ya molibdeni ili kuikabili chumvi. Uliza namba, na namba iandikwe kwenye risiti.

Kuhusu vile vinguzo vya saruji vyenye tumbo, vinavyopangwa kwenye baraza kama askari wa gwaride, nitasema kwa ufupi. Barazani vinapendeza. Ndani, katika ngazi ya kawaida, vinakula sentimita kumi na tano za njia, vinafanya giza, na juu yake huwekwa zege pana lisiloshikika. Ukivitaka, funga bomba la kushikia upande wa pili, ukutani.

Kioo kinapendeza katika nyumba yenye mwanga mdogo, na ni kazi ya mwenye mfuko mzito na mwenye moyo wa kufuta alama za vidole kila siku. Kiwe kioo kilichokazwa kwa joto, ambacho kikivunjika husambaratika kuwa punje ndogo zisizo kali, au kile cha tabaka mbili zenye utando katikati. Kuna njia nyepesi ya kumtambua mdanganyifu: kioo kilichokwisha kukazwa hakiwezi kukatwa wala kutobolewa tena, kwa kuwa hulipuka chote. Kwa hiyo, fundi akikuambia kioo chake kimekazwa, kisha ukamwona anakikata kwa kalamu ya almasi mbele ya ngazi yako, mwambie asimame.

Ukiniuliza mimi, kwa nyumba ya mfanyakazi mwenye familia, ningechagua nondo zilizosimama wima, zimepakwa rangi nyeusi au rangi ya kuta, na juu yake kishikio cha mninga cha mviringo. Chuma hushika nguvu, mbao hushika mkono. Ndiyo reli iliyomo nyumbani kwangu sasa.

Ngazi zilizo nje ya nyumba, kama zile za kupandia vyumba vya juu vya kupangisha, zina shauri lake. Kama zinatazama magharibi, kishikio cha chuma saa tisa alasiri hakishikiki, na wapangaji hupanda mikono mitupu. Hapo mbao ngumu iliyopakwa mafuta ya kitani kila mwaka ni afadhali kuliko vanishi, ambayo jua huibambua.

Ngazi isiyo ya mtu mmoja

Wasomaji wetu wengi hawana ngazi yao peke yao. Wanaishi katika majumba ya ghorofa, yawe yale ya Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962, yale ya Michenzani huko Unguja, au ghorofa mpya za Kariakoo ambamo familia kadha wa kadha hupanda ngazi moja. Humo hakuna aliyechagua mtindo, na aghalabu hakuna anayejiona ana wajibu. Nondo moja hung'oka, mtu huichukua kwa kazi nyingine, pengo hubaki, nalo huzibwa kwa kamba ya katani mpaka mtoto wa mtu aponee chupuchupu.

Dawa si kubadili reli yote. Fundi mmoja wa kuchomelea, kwa siku moja, huweza kurudisha nondo zilizopotea na kukaza nguzo zinazoyumba, na gharama yake ikigawanywa kwa milango yote ya jengo ni ndogo. Wenye kumiliki nyumba zao humo ndani wanayo pia sheria ya mwaka 2008 ihusuyo umiliki wa sehemu za jengo, ambayo inataka wawe na umoja wao wa kuangalia sehemu za pamoja, na ngazi ni sehemu ya pamoja kuliko zote. Mpangaji naye amwandikie mwenye jengo, kwa barua na kwa tarehe, abaki na nakala.

Wakati wa kuamua

Uamuzi ufanywe kabla zege la ngazi halijamwagwa. Nguzo imara ni ile inayochomelewa kwenye kibamba cha chuma kilichozamishwa ndani ya zege likiwa bado bichi. Nguzo inayofungwa baadaye kwa skrubu katika plasta hulegea kabla ya mwaka kwisha. Vivyo hivyo kwa kishikio cha ukutani: pale patakapofungwa vyuma vyake, tofali lenye uwazi lijazwe zege, na kati ya kishikio na ukuta pabaki sentimita 5 ili vifundo vya vidole visichubuke. Na vigae vikumbukwe. Reli ikifungwa kabla ya vigae, sakafu itapanda kwa sentimita 4 au 5, na kimo ulichokipima kwa uangalifu kitakuwa kimepungua kwa kiasi hicho hicho.

Katika mashauri hayo awepo mama wa nyumba. Mara nyingi bwana na fundi humaliza maneno yote penye kiwanja, ilhali anayepanda ngazi ile mara ishirini kwa siku, mtoto mgongoni na ndoo mkono wa kulia, ni mwingine. Yeye ndiye ajuaye kishikio kiwe mkono upi. Kama nyumba ina mzee, naye aulizwe. Ashikishwe kipande cha mbao au bomba dukani, afumbe macho, akibane.

Kabla hujamlipa fundi fungu la mwisho, panda hadi katikati ya ngazi, egemeza nyonga yako kwenye reli na usukume kwa uzito wako wote, kama watakavyosukuma wageni siku ya harusi. Isiyumbe. Kisha zima taa, shuka kwa kiganja peke yake, polepole, na palipokukwaruza au palipokukatisha mwonyeshe fundi palepale, vyombo vyake vikiwa bado havijaondoka.